Mwaka 1983 na kaseti zilizofukiwa ardhini



Ndugu zangu wanachuo, mhariri aliponiomba somo la safu ya elimu na teknolojia, nadhani alitarajia niandike juu ya akili bandia kama wanavyoandika wote siku hizi. Nimemwomba ruhusa nirudi nyuma zaidi ya miaka arobaini, mpaka mwaka 1983. Huo ndio mwaka ambao biashara ya michezo ya video ilianguka Marekani kwa kishindo, na mwaka huohuo, Japani, ikatoka mashine iliyokuja kuifufua. Ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuuchagua mwaka huo, na nitaisema mbele, kwa aibu kidogo. Lakini nianze nyumbani, Buyenzi.

Nilipokuwa darasa la nne, mtaani kwetu palikuwa na duka la sabuni na mafuta ambalo mwenyewe aliweka runinga ndogo na mashine ya gemu pembeni. Ulitoa faranga hamsini, ukacheza mpaka mwenye duka aseme basi. Mashine ilikuwa ya plastiki nyepesi, na kaseti zake zilikuwa za rangi ya njano. Moja tuliipenda kuliko zote kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa juu yake: michezo 9,999,999 ndani ya kaseti moja. Kaka yangu alipiga hesabu. Ukicheza kila mchezo dakika moja tu, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miaka kumi na tisa. Tuliamini. Tulikaa wiki kadhaa tukiteremka ile orodha, na kidogo kidogo tukagundua kwamba mchezo wa 12 ni uleule wa 3, ila umeanzia hatua ya pili. Wa 30 ni uleule tena, umebadilishwa jina. Ukiihesabu vizuri, kaseti nzima ilikuwa na michezo isiyozidi vidole vya mikono miwili. Siku tuliyomkabili mwenye duka, alituambia kwamba na yeye aliinunua hivyohivyo, imefungwa ndani ya nailoni.

Jibu lile nilikuja kulielewa nikiwa chuoni, niliposoma habari za 1983.

Tufahamu kwanza hali ilivyokuwa. Kampuni ya Atari ilianzishwa California mwaka 1972 na Nolan Bushnell na Ted Dabney, ikapata jina kwa mchezo wa Pong. Mwaka 1976 ilinunuliwa na kampuni kubwa ya burudani, Warner Communications, kwa dola milioni 28, na mwaka uliofuata ikatoa mashine ya nyumbani iliyokuja kuitwa Atari 2600. Kabla yake, mashine nyingi za nyumbani zilikuwa na mchezo mmoja au michezo michache iliyochomewa humo kiwandani, ukiichoka basi. Hii ilikuwa na tundu la kuchomeka kaseti. Unanunua mashine mara moja, kisha unanunua kaseti maisha yako yote. Mwaka 1980 ilipotoka kaseti ya Space Invaders, watu walinunua mashine kwa ajili ya kaseti hiyo moja, na kufika 1982 Atari peke yake ilikuwa inaleta zaidi ya nusu ya faida yote ya Warner.

Wanaosoma sayansi ya kompyuta watastaajabu kujua mashine ile ilikuwa na nini ndani. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Sikukosea, ni baiti. Sentensi hii unayoisoma sasa, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno yake, isingeweza kuingia yote humo bila kukatwa kwanza mahali. Kaseti ya kawaida ilibeba kilobaiti 4. Mtu mmoja ndiye aliyebuni mchezo, akachora picha, akatunga milio, akaandika programu yote, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kama kuandika barua ndefu juu ya kipande cha kucha.

Watu hao Atari haikuwathamini. Mkuu wa kampuni tangu 1978, Ray Kassar, alitoka kwenye biashara ya nguo, na katika mawazo yake mwandishi wa programu alikuwa mfanyakazi kama wengine wa kiwandani. Majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja wao, Warren Robinett, aliyetengeneza mchezo wa Adventure, alijificha humo mwenyewe: alitengeneza chumba cha siri ambacho mchezaji akikifikia anakuta jina lake, na kampuni haikujua mpaka kaseti zilipokwisha kuuzwa. Wengine wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walijumlisha mauzo wakaona kwamba michezo yao wenyewe imeingiza mamilioni ya dola wakati wao wanalipwa mshahara wa kawaida. Walipodai haki yao hawakusikilizwa. Mwaka 1979 waliondoka, wakasaidia kuanzisha kampuni ya Activision, wakaanza kutengeneza kaseti za kuchomekwa kwenye mashine ya Atari, na majina yao wakayaandika.

Hapa ndipo mlango ulipofunguka. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu wa nje anaweza kutengeneza kaseti kwa mashine ya mwenzake. Atari ilikwenda mahakamani, na mwaka 1982 mambo yakaisha kwa mapatano: Activision iendelee, ila ilipe sehemu ya mapato yake. Michezo ya Activision ilikuwa mizuri kweli, Pitfall! iliuzwa kwa mamilioni. Lakini waliowafuata hawakuwa na mikono ile. Watu waliona kaseti inauzwa dola 30 na zaidi, wakaona kuitengeneza ni bei ndogo, wakaingia. Kampuni ya uji wa shayiri, Quaker Oats, ikawa na idara ya michezo. Kampuni ya chakula cha mbwa ikatoa mchezo wa kutangaza chakula cha mbwa. Johnson & Johnson wakatoa mchezo wa kulinda meno. Wengine wakatoa michezo ya uchafu ambayo gazeti hili si mahali pa kuieleza.

Sasa jiweke katika nafasi ya mzazi wa Marekani mwaka ule, amesimama dukani. Mbele yake kuna mamia ya makasha ya karatasi. Juu ya kila kasha kuna picha iliyochorwa na fundi hodari: joka, chombo cha anga, shujaa mwenye upanga. Ndani kuna kaseti, na ndani ya kaseti kuna kitu ambacho hakionekani kwa jicho, hakinusiki, hakipimwi kwa mkono. Ukiichomeka nyumbani unaona miraba minne inatetemeka. Wengi wetu tulisoma madrasa habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea muuzaji. Rundo la nafaka lina fadhila hiyo, kwamba mkono unaingia. Kaseti haikuwa nayo. Mnunuzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kutegemea, nacho ni jina la aliyeitengeneza, na kufika mwisho wa 1982 majina yalikuwa mengi mno hata hayana maana.

Wapo wanaosema Atari iliangushwa na hao wageni. Mimi sikubali, kwa sababu kaseti mbili zilizovunja moyo watu wengi zaidi zilitoka Atari yenyewe.

Ya kwanza ni Pac-Man. Mchezo huu wa Kijapani ulikuwa unapendwa kuliko wote kwenye mashine kubwa za sarafu, na Atari ilipata haki ya kuuleta nyumbani. Ulitoka mwezi Machi 1982. Ulitengenezwa na mtu mmoja, ukabanwa katika kilobaiti 4, na mizimu minne ya mchezo ule ikawa inawakawaka kama taa mbovu kwa sababu mashine haikuweza kuichora yote kwa wakati mmoja. Kampuni ilikuwa imetengeneza kaseti milioni nyingi, na inasimuliwa kwamba zilizidi idadi ya mashine zilizokuwa majumbani. Iliuza kama milioni 7. Kwa hesabu za kampuni huo ulikuwa ushindi. Lakini hizo zilikuwa familia milioni 7 zilizofungua kasha na kukuta mizimu inayowakawaka.

Ya pili ni E.T., na hapa naomba tukae kidogo.

Katikati ya 1982 filamu ya E.T. ya Steven Spielberg ilikuwa imejaza majumba ya sinema. Warner walitaka mchezo wake uwe madukani kabla ya Krismasi, na kwa haki hiyo inasemekana walikubali kulipa dola zaidi ya milioni 20. Mazungumzo yalikwisha mwishoni mwa Julai. Ili kaseti zitengenezwe kwa wakati, programu ilitakiwa ikamilike tarehe 1 Septemba. Mchezo wa kawaida ulichukua miezi sita au zaidi. Kazi alipewa Howard Scott Warshaw, kijana aliyekwisha kutengeneza Yars' Revenge, mchezo ambao mpaka leo wajuzi wanausifu. Akapewa wiki tano. Akakubali.

Baadaye alieleza mara nyingi kwamba hakulazimishwa; aliona ni changamoto na alijiamini. Aliwekewa kompyuta ya kazi nyumbani kwake ili hata usiku usipotee. Na mchezo akaumaliza kwa tarehe. Ndani yake unamwongoza yule kiumbe akitafuta vipande vya simu ili awapigie wenzake, na vipande vimefichwa katika mashimo. Tatizo lilikuwa ni hayo mashimo. Ukigusa ukingo kidogo tu unatumbukia. Unapanda kwa taabu, unafika juu, unatumbukia tena. Mtoto wa miaka minane hakuweza kuelewa amekosea wapi. Warshaw angepata wiki mbili za kukaa pembeni na kuangalia watoto wakicheza, nadhani angeona tatizo siku ya kwanza. Wiki hizo hazikuwepo kwenye ratiba. Zilitengenezwa kaseti zipatazo milioni 4, na zilizouzwa ni kama milioni moja na nusu.

Tarehe 7 Desemba 1982 Warner walitangaza kwamba mauzo ya Atari hayatakua kwa asilimia 50 kama ilivyotarajiwa, bali kwa asilimia 10 hadi 15. Hebu angalia: bado ni kukua. Lakini kesho yake hisa za Warner zilipoteza karibu theluthi ya thamani yake. Ikaja kujulikana kwamba Kassar aliuza hisa zake 5,000 dakika 23 kabla ya tangazo. Mamlaka ya soko la hisa ilimshtaki. Alirudisha faida yake bila kukiri kosa.

Kisha ukaingia 1983, na mambo yakaenda haraka. Wenye maduka walikuwa na maghala yaliyojaa, kwa sababu mwaka wa nyuma waliagiza kwa pupa, kila mmoja akihofia kukosa. Walipotaka kurudisha kaseti zisizouzika, kampuni nyingi ndogo zilikuwa zimefilisika. Hapakuwa na wa kumrudishia. Kwa hiyo wakazimwaga kwenye mapipa mlangoni: kaseti ya dola 30 kwa dola 5. Na hapo hata mchezo mzuri wa dola 30 ukakosa mnunuzi, maana mzazi aliye na akili zake atachukua sita za pipani kwa bei hiyohiyo. Mtoto akazichomeka zote sita, zote mbovu, na familia ikahitimisha kwamba michezo ya video ilikuwa upuuzi wa kupita. Wakati huohuo kompyuta za nyumbani zilishuka bei sana. Commodore 64, iliyoanza kuuzwa dola 595 mwaka 1982, ilishuka hadi kama dola 200, na baba akajiambia afadhali hii, mtoto atasomea pia.

Mwezi Februari Atari ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi 1,700 na kuhamishia kazi yao Hong Kong na Taiwan. Quaker Oats wakafunga idara yao. Julai Kassar akaondoka. Hasara ya Atari kwa mwaka ule ilizidi dola milioni 500. Biashara nzima ya michezo ya nyumbani Marekani, iliyokadiriwa dola bilioni 3.2, ilishuka kufika 1985 mpaka kama dola milioni 100. Katika kila dola 100, zikabaki 3.

Mwezi Septemba 1983 malori yalitoka kwenye kiwanda cha Atari kilichoko El Paso, Texas, yakaenda jangwani New Mexico, kwenye jalala la mji wa Alamogordo. Yakamwaga kaseti na mashine, zikapondwa, zikafukiwa, na juu yake ikamwagwa zege. Kwa miaka thelathini watu walibishana kama habari hii ni kweli au hekaya. Tarehe 26 Aprili 2014 palichimbuliwa mbele ya watu, na kaseti zikatoka, za E.T. na za michezo mingine mingi, baadhi zikiwa bado na makasha yake. Aliyesimamia ufukiaji alikadiria kwamba kaseti 728,000 zilifukiwa. Zilizotolewa ni kama 1,300. Warshaw alikuwepo siku ile, mzee sasa, na watu walimpigia makofi. Niliitazama picha yake na vumbi la jangwani nikahisi huruma, kwa sababu nitakazozitaja baadaye.

Twende Japani. Tarehe 15 Julai 1983, mwezi uleule Kassar alipoondoka Atari, kampuni ya Nintendo ya Kyoto ilianza kuuza mashine iliyoitwa Famicom, kwa yeni 14,800. Karibu ingeuzwa nje ya Japani kwa jina la Atari. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikijadiliana, lakini kwenye maonyesho ya Chicago mwezi Juni Atari iliona mchezo wa Donkey Kong ukionyeshwa kwenye kompyuta ya mshindani wake, ikakasirika, na katika vurugu za mwaka ule mapatano yakafa. Nikifikiria jambo hili huwa nacheka peke yangu. Waliokuwa wanazama walikataa mashua.

Famicom nayo haikuanza vizuri. Mashine za mwanzo zilikuwa na chipu yenye kasoro, na baadhi ya michezo iliganda katikati. Nintendo ikaziita zirudi na kuzibadilishia bodi kuu. Hasara ilikuwa kubwa, na ilikuwa katika msimu wa mauzo. Ila mnunuzi wa Japani alijifunza jambo moja: kampuni hii ukiirudia, utamkuta mtu.

Walipoamua kwenda Marekani, mwishoni mwa 1985, wenye maduka hawakutaka hata kulisikia neno mchezo wa video. Nintendo ikaibadilisha mashine sura, ikaipa jina refu lisilo na neno hilo, ikaiuza pamoja na roboti ndogo ili ionekane ni kitu cha aina nyingine. Kwa maduka ya New York ikasema: chukueni, msilipe sasa, msichouza tutakichukua wenyewe. Na ndani ya mashine ikaweka chipu ya kufuli. Kila kaseti halali ilikuwa na ufunguo wake; kaseti isiyo na ufunguo haikubaliwi. Aliyetaka kutengeneza michezo alipaswa kupata leseni, kaseti zake zitengenezwe na Nintendo wenyewe na alipie kabla, na asitoe zaidi ya michezo mitano kwa mwaka. Juu ya kasha ukabandikwa muhuri wa dhahabu wa ubora.

Ilifanya kazi, na ni vigumu kubisha. Mzazi akapata tena kitu cha kutegemea dukani. Lakini tusiipambe sana. Wenye leseni walilalamika kwa haki: yule aliye mshindani wao ndiye anayewapangia watengeneze kaseti ngapi na kwa bei gani. Muhuri haukuzuia michezo mibaya; ilikuwepo mingi tu. Kampuni iliyokuja kubeba jina la Atari kwenye michezo ya sarafu ilijaribu kulivunja kufuli, ikapata nakala ya programu yake kutoka ofisi ya serikali ya hakimiliki kwa maelezo yasiyo ya kweli, na mahakama ikaibana kwa hilo. Kila duka la programu la simu mnalotumia leo, lenye kukagua kabla ya kuruhusu na kuchukua sehemu ya mapato, limejengwa juu ya kufuli lile. Pale ambapo mauzo ya ovyo yaliua imani, imani ilirudi ikiwa na bwana mmoja mwenye ufunguo. Uingereza, kwa mfano, haikuhitaji dawa kali kiasi hicho: huko vijana waliandika michezo kwenye kompyuta za bei nafuu na kuiuza kwenye kanda za kawaida za kaseti kwa pauni chache, na anguko la Marekani halikuwagusa sana. Aliyepoteza pauni sita alikasirika. Hakuapa kutonunua tena.

Na Buyenzi? Famicom ya Japani haikuwekwa lile kufuli. Liliongezwa baadaye kwa ajili ya Marekani. Ndiyo sababu viwanda vya Asia viliweza kuiiga kwa urahisi kwa miaka mingi, na nakala zake zikaenea sehemu nyingi za dunia ambako ile halisi haikufika. Mashine ya plastiki pale dukani kwetu ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo sisi tulicheza kwenye mwili wa mashine ya 1983 ya Japani, kwa kaseti za mtindo wa 1983 wa Marekani.

Sasa sababu yangu.

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili wa kitivo chetu tulikwenda kwa ustadh mmoja mwenye madrasa kubwa mtaani. Alikuwa anaandika ada za watoto kwenye daftari. Tukamwambia tutamtengenezea programu, kwa malipo kidogo, na itakuwa tayari kabla ya muhula kuanza. Muhula ulibakiza wiki tano. Sikuwa nimesoma habari za Warshaw wakati ule. Nilichagua wiki tano kwa sababu nilijiamini, kama yeye. Tulimaliza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Ilikuwa na rangi nzuri, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya madrasa yenyewe. Ustadh alifurahi, akatulipa.

Hatukuwa tumeijaribu kwa majina ya kweli. Mtaani kwetu Amina ni wengi, na Shabani ni wengi, na wapo ambao hata jina la baba ni moja. Programu yetu ilitambua mtoto kwa majina yake mawili. Mtoto wa pili mwenye majina yaleyale alipolipa, malipo ya wa kwanza yalifutika. Mama mmoja aliambiwa anadaiwa miezi miwili. Alikuja na stakabadhi mkononi, na ustadh alimwomba radhi mbele ya wazazi wengine, mtu mzima, kwa kosa la vijana watatu ambao hawakuwepo. Alirudi kwenye daftari. Alipokuja mwanafunzi mwingine wa chuo chetu, mtu hodari kuliko sisi, kumpa programu ya kupanga ratiba ya masomo bure kabisa, alimshukuru na kumkatalia.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Yule mwenzetu hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa mchezo mzuri wa dola 30 uliosimama karibu na pipa.

Mwezi uliopita tulirudi kwa ustadh, wote watatu. Tulibeba zile pesa. Alizipokea, alizihesabu, akaziweka mezani, akatuuliza mnataka nini tena. Tukamwambia tumeirekebisha, kila mtoto sasa ana namba yake, na hatutaki malipo. Akasema hataki kitu cha bure. Akatoa masharti: daftari litaendelea kama kawaida, na sisi tuje kila Jumamosi baada ya Alasiri, tuingize ya wiki nzima mbele yake, kisha tulinganishe mstari kwa mstari, kwa miezi miwili. Baada ya hapo ataangalia.

Tumefika wiki ya nne. Mpaka sasa tumekuta tofauti tatu. Mbili ni zetu, na tumezirekebisha. Ya tatu, alipolipekua daftari kurasa kadhaa nyuma, ilikuwa ya daftari. Hakusema kitu. Alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha, akatuambia tuendelee na jina linalofuata.